Kubadilisha mota na mishale ya saa kubwa ya ukutani

Zima umeme kwenye swichi kubwa kwanza, kisha teremsha saa. Ya ukumbini kwetu ina upana wa mita 1, tulipanda ngazi wawili. Fungua nati ya katikati, chomoa mshale wa dakika, halafu wa saa. Usivute upande mmoja: mimi niliupinda hivyo hivyo.

Kabla ya kununua mota, soma kibandiko. Niliwahi kufunga ya Marekani, ya Hz 60 (Hz ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), kwa transfoma. Volti zilikaa sawa, lakini umeme wetu ni Hz 50, na kasi ya mota hii hufuata Hz: ikachelewa dakika 10 kila saa, wazee wakanicheka.

Ukirudisha, lenga mishale yote kwenye 12, kisha zungusha wa dakika kwa kidole. Ikigusana, upinde kidogo uje mbele.