Ndugu yako amekwama mpakani: karatasi za kutafuta Kigoma

Simu zinazoingia hapa Ujiji kutoka kwenu mlio Marekani zimekuwa na swali moja: fulani amefika mpaka wa Mexico, ameomba hifadhi, amerudishwa hata bila kusikilizwa. Tufanyeje?

Linaniuma kwa sababu sisi tunajua kupokea. Mei 2015 Warundi walipofurika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, MV Liemba iliwasomba kuwaleta Kigoma mjini. Walipokelewa kwanza, maswali yakafuata. Doa letu nalo tusilifiche: Machi 1995 Tanzania iliufunga mpaka wake na Burundi, na waliobaki upande wa pili walikuwa watu wenye roho kama sisi.

Marekani nayo, Machi 2020, ilichukua sheria ya afya ya mwaka 1944 ikawafukuza watu mpakani kwa sababu ya korona. Watu walifukuzwa zaidi ya mara milioni 2, wengi bila kuulizwa kama wanaogopa kurudi kwao. Utaratibu huo ulikoma tarehe 11 Mei 2023, yakaja masharti mengine, kisha Januari 2025 mlango wa mpakani ukafungwa tena kwa tamko la rais. Julai 2025 jaji wa Washington alisema rais amevuka mamlaka yake, serikali ikakata rufaa. Kwa hiyo ushauri wa mwaka jana usiuamini mwaka huu. Muulize wakili hali ilivyo wiki hiyo.

Aliye mpakani au mahabusu aseme kwa sauti, na arudie: "Naogopa kurudi." Asingoje kuulizwa. Aombe mkalimani wa lugha anayoiota usiku, iwe Kibembe, Kirundi au Kiswahili, na asikubali Kiingereza cha kubabaisha kwa kuona aibu. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa.

Aliyekwisha kuingia ana mwaka mmoja tangu siku aliyofika kupeleka ombi la hifadhi. Mwaka ukipita bila sababu inayokubalika, hifadhi hiyo humponyoka, ingawa bado anaweza kuomba asirudishwe mahali atakapoteswa au kuuawa. Akihama nyumba, mahakama ya uhamiaji ijulishwe ndani ya siku 5. Barua ya kesi ikienda anwani ya zamani naye asipofika, jaji anaweza kuamuru aondolewe bila yeye kuwepo.

Sasa karatasi, na hapa ndipo ninyi na sisi tunapofanya kazi pamoja. Waliopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nduta, hapa mkoani Kigoma, wana cheti cha usajili wa familia, kadi ya kupokelea chakula, kadi za kliniki, vyeti vya shule za kambini. Tumeni mtu mnayemwamini azipige picha mbele na nyuma, hata iliyochanika. Halafu kaeni mlinganishe majina. Baba aliandikwa kwa tahajia ya Kifaransa kule Fizi, Kongo, karani wa kambini akaandika alivyosikia, tarehe ya kuzaliwa ikawekwa 1 Januari kwa kuwa hakuna aliyeijua. Afisa akiona majina matatu ataona watu watatu. Andikeni maelezo ya kila tofauti mapema, kwa ukweli, kabla hajauliza.

Ataulizwa pia: mbona hukubaki Tanzania? Aeleze maisha yenyewe: mkimbizi hatoki kambini bila kibali, hana uraia wa Tanzania, na ajira ni ngumu kupata. Ndugu waliobaki kambini wanaweza kuandika ushahidi wao, kila mmoja kwa mkono wake na kwa alichokiona.

Na kwa vijana wa Kigoma wasio wakimbizi ninasema kwa uchungu: msinunue hadithi. Kuna watu wanauza kisa cha Burundi kwa yeyote mwenye pesa. Ombi la uongo likithibitika linaweza kumfungia mtu milango yote ya uhamiaji ya Marekani maisha yake yote, na linampunguzia imani mama wa Nyarugusu ambaye kisa chake ni cha kweli.

Wakili atafutwe kwenye orodha ya wanaosaidia bure inayotolewa na mahakama ya uhamiaji. Anayejiita mtaalamu wa fomu bila leseni ya uwakili, mwacheni.

Mwisho, pigeni simu ofisi ya mbunge wa eneo mnaloishi; si lazima uwe raia. Mwambieni mnataka watu wasikilizwe kabla ya kufukuzwa, na mtajeni ndugu yenu. Ofisi hizo hufuatilia faili lililokwama, lakini zitataka fomu ya ridhaa yenye sahihi ya mwenyewe. Ipateni mapema, kabla hajahamishiwa mahabusu nyingine mkaanza kumtafuta upya.