Gundi ya ngozi haichemshwi

Fundi, gundi ya ngozi, yaani gundi ya mbao itokanayo na ngozi za wanyama, usiibandike jikoni moja kwa moja. Loweka chembe zake usiku kucha, kipimo 1 kwa vipimo 2 vya maji baridi, kisha weka kopo lenye gundi hiyo ndani ya sufuria ya maji yanayotoa mvuke bila kutokota, nyuzi 60 hivi. Ikichemka, protini yake huvunjika na kiungo huachia. Iko tayari ikichuruzika kutoka kwenye brashi kama uzi usiokatika. Mbao nazo zianike juani kwanza, maana ubao wa baridi huigandisha kabla hujabana. Mpingo una mafuta: upige msasa, uunge papo hapo. Milango ya nje, hapana kabisa; unyevunyevu wa pwani yetu ya Mtwara huilegeza gundi hii.