Somo: Kupanga anwani za IP ofisini ili vifaa visigombane

Kila wiki naulizwa kwa nini printa ya ofisi hupotea mtandaoni kisha ikarejea bila kuguswa, kwa hiyo nimeona niandike jibu kamili mara moja. Mara nyingi ni vifaa viwili vinavyogombea anwani moja ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni.

Hatua ya 1. Chagua anwani za ndani, kwa mfano 10.20.5.0/24 (yaani 10.20.5.1 hadi 10.20.5.254), yenye nafasi 254 za vifaa. Iepuke 192.168.1.0, kwani ruta nyingi za nyumbani huitumia, na mfanyakazi akiingia kwa VPN (njia salama ya kufikia mtandao wa ofisi kupitia intaneti) kutoka kwake Kisauni, njia zitagongana.

Hatua ya 2. Orodhesha kila kifaa, MAC yake (namba ya kifaa kutoka kiwandani) na mahali kilipo.

Hatua ya 3. Ruta ipe .1 (yaani 10.20.5.1); seva, printa na kamera zipe .2 hadi .49; DHCP (huduma inayogawa anwani yenyewe) igawe .100 hadi .220.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipokosea. Katika ofisi moja ya uwakala wa forodha karibu na Kilindini, niliiandikia printa .120 kwa mkono, nikasahau kwamba DHCP inagawa kuanzia .100. Asubuhi moja simu ya karani ilipewa .120 kabla printa haijawashwa, na hati za mizigo zikakwama huku madereva wa malori wakingoja dirishani. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha hata swichi, mpaka nilipoandika arp -a, amri inayoonyesha kila anwani na MAC yake, nikaona kwamba MAC inayojibu siyo iliyobandikwa mgongoni mwa printa. Usiweke kamwe anwani ya mkono ndani ya masafa ya DHCP, yaani anwani inazogawa. Bora zaidi, itenge kwenye DHCP yenyewe kwa MAC ya kifaa.

Swali (Changamwe): Printa yangu haionekani. Nifanyeje?
Jibu: Soma hatua ya 4, kisha utuambie printa ina anwani gani. Bila hiyo hakuna wa kukusaidia.

Swali (Likoni): Mwalimu, ping (amri ya kujaribu kama kifaa kipo mtandaoni) isipojibiwa, je, anwani hiyo i wazi?
Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. La, si lazima. Huenda kifaa kimezimwa, au ngome yake (firewall) inazuia ping. Mara tu baada ya ping tazama arp -a, kwa kuwa kifaa kilichowashwa kwenye mtandao uo huo hujibu ARP (swali la mtandao la kutafuta MAC ya anwani) hata kikikataa ping, halafu linganisha na orodha yako.

Swali (Nyali): Wateja wakijaa, kompyuta zetu hupata anwani zinazoanza na 169.254. Ruta imeharibika?
Jibu: Windows hujipa anwani hiyo isipojibiwa na DHCP, na kwako yaelekea nafasi zimekwisha. Punguza muda wa kukodisha anwani (muda ambao kifaa huishikilia) kutoka saa 24 hadi 2, na wageni uwatengee VLAN yao, yaani mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vile vile.

Swali (Changamwe): Ni .130.
Jibu: Imo ndani ya masafa ya DHCP. Ihamishie .20.