Kulala Miami kabla ya kupanda meli

Meli ikiondokea bandari ya Miami, fika jana yake na uchukue hoteli ya katikati ya jiji, karibu na Bayside, eneo la maduka kando ya ghuba. Kutoka uwanja wa ndege panda treni ya Metrorail hadi kituo cha Government Center, kisha treni ndogo ya Metromover, ambayo haina nauli. Gari usikodi, bei ya maegesho ya usiku huko inauma kweli.

Kubwa zaidi ni kadi. Mapokezi ya hoteli huzuia pesa ya dhamana kwenye kadi yako, zaidi ya bei ya chumba. Ukitoa kadi ya akaunti yako ya benki, pesa hiyo yaweza kukaa siku kadhaa bila kuachiliwa, nawe uko baharini unaihitaji. Toa kadi ya mkopo. Huna? Uliza kwanza wanazuia kiasi gani, na kwa siku ngapi.