Kompaila ya hesabu zilizosimbwa: sintaksia iache mwisho

Vijana wanaoniuliza kuhusu kompaila (programu inayotafsiri msimbo) ya usimbaji wa homomofia, ule unaoruhusu kuhesabu juu ya data bila kuifungua, huja na lugha mpya tayari mkononi: ina jina, ina nembo, ina sheria za mabano. Hiyo weka kando. Kazi halisi ya kompaila hii ni kujua hesabu itazidisha mara ngapi mfululizo kabla kelele (makosa madogo ya nasibu yanayochanganywa kwenye data wakati wa kuisimba, na hukua kwa kila hesabu) haijalimeza jibu, kisha kuchagua vigezo vinavyotosha.

Mfano wangu ni chama cha shangazi yangu pale Umoja, Nairobi. Akina mama 40, kila mmoja hutoa kama shilingi 2,000 kwa mwezi. Wanataka jumla ya michango na jumla ya vipeo vyake vya pili, ili mkaguzi aone michango inavyotofautiana. Hesabu ifanyike kwenye seva ya kukodi, na seva isijue nani katoa ngapi. Craig Gentry alionyesha mwaka 2009 kwamba inawezekana kukokotoa chochote juu ya data iliyosimbwa bila kuifungua. Hesabu za polinomia zinazoendesha usimbaji huu usiziandike mwenyewe. Tumia Microsoft SEAL au OpenFHE, na kompaila yako iitoe programu ya C++ inayoita maktaba hiyo. Kwa nambari nzima, chagua mfumo wa usimbaji uitwao BFV.

Anza na darasa moja la Python, Nodi, lenye __add__ na __mul__ ambazo hazihesabu chochote, zinajenga grafu ya hatua za hesabu tu. Kwa njia hiyo Python yenyewe ndiyo lugha yako, na kazi ya kuchanganua sentensi umeikwepa. Kisha pima kina, yaani idadi kubwa zaidi ya kuzidisha mfululizo:

kumbukumbu = {}

def kina(n):
    if n not in kumbukumbu:
        k = max((kina(w) for w in n.watoto), default=0)
        nzito = n.aina == "zidisha" and all(w.aina != "thabiti" for w in n.watoto)
        kumbukumbu[n] = k + nzito
    return kumbukumbu[n]

Hiyo kumbukumbu si ya urembo. Nodi moja hutumika mara nyingi, na bila kumbukumbu grafu ndogo tu itaifanya laptopu ya mitumba ya Moi Avenue ipige feni kama jenereta. "Thabiti" ni nambari moja, kama 3, na kuzidisha kwa 3 ni rahisi. Vekta ya bayana (orodha ya nambari zisizosimbwa) ni jambo jingine: huongeza kelele karibu sawa na kuzidisha fumbo (data iliyosimbwa) kwa fumbo, ndiyo maana nimeihesabu.

Ukishaona kina, kipunguze. Mtu akiandika x*x*x hadi mara nane, grafu ina kina 7. Ipange upya kuwa x², x⁴, x⁸ na kina kinakuwa 3. Masharti nayo huwezi kuyafuata, kwa sababu seva haioni c ni 0 au 1. "Kama c basi a, la sivyo b" igeuze iwe b + c(a − b), kuzidisha mara moja badala ya mara mbili. Mizunguko ya kurudia msimbo (loop) iwe na ukomo unaojulikana mapema, na ukomo usiojulikana ukataliwe pale pale.

Sasa sehemu inayonyimwa heshima: ukubwa wa nambari. BFV huhesabu kwa moduli, yaani hubakiza baki tu baada ya kugawa, na mifano mingi hutumia 65,537. Akina mama 40 kwa 2,000 ni 80,000. Ukifungua fumbo utapata 14,463, nambari safi isiyoonyesha dalili yoyote ya kosa, na shangazi ataanza kumtazama mweka hazina kwa jicho jingine. Kompaila ilazimishe kila ingizo litangazwe na upeo wake. Tukisema mchango hauzidi 10,000, jumla ya vipeo vya pili inaweza kufika bilioni 4, kwa hiyo moduli ya nambari tasa ya biti 34 inatosha kwa raha. Isichaguliwe kiholela: ili nafasi zote za fumbo (kila nafasi hubeba nambari moja) zitumike, ni lazima ibaki 1 ukiigawa kwa 2N, N ikiwa ukubwa wa polinomia za fumbo. Na moduli ikikua, kila kuzidisha kunakula kelele zaidi, kwa hiyo usiruke moja kwa moja hadi biti 60.

N = 8,192 inakupa nafasi 8,192 katika safu mbili za 4,096. Wote 40 wanaenea kwenye fumbo moja, nafasi zilizobaki zikiwa sifuri. Kujumlisha, zungusha safu kwa 32, 16, 8, 4, 2, 1, kila mara ukiongeza kwenye fumbo lililotangulia; nafasi ya 0 itabeba jumla. Lakini nafasi ya 39 itabeba mchango wa mama wa mwisho peke yake, na mkaguzi mwenye ufunguo atauona. Kompaila ndiyo iweke barakoa, yaani izidishe kwa vekta yenye 1 kwenye nafasi ya 0 na sifuri kwingine, kabla jibu halijatoka, si mtumiaji akumbuke.

Kila mzunguko wa safu una ufunguo wake, na kwa vigezo vya kawaida vya SEAL hapa ni kama megabaiti 2.5 kila mmoja. Orodhesha mizunguko iliyo kwenye grafu na utengeneze sita hiyo tu. Kuna mtu anayepakia hizo funguo kwa bando ya simu.

Ukizidisha mafumbo mawili, polinomia mbili za kila fumbo zinakuwa tatu, na kuzirudisha kuwa mbili ni kazi nzito. Iahirishe: jumlisha kwanza, rudisha mara moja, ila iwe kabla ya kuzungusha.

Vigezo visiguswe na mtumiaji. Kwa usalama wa biti 128, jumla ya biti za moduli ya fumbo (si ile ya nambari zako; hii ni zao la nambari tasa kadhaa) isizidi 109 kwa N ya 4,096, 218 kwa 8,192, 438 kwa 16,384. Nambari tasa ya kubadilishia funguo, inayotumika unapozungusha au kurudisha polinomia, imo humo ndani, ihesabu. Hesabu yetu ina kina 2 pamoja na barakoa, inaingia 8,192.

Mtu akiandika "x == y", kompaila ikatae kwa maneno yanayoeleweka. Kwa moduli ya 65,537 usawa ni 1 − (x − y)^65536, yaani kuzidisha mara 16 mfululizo. Anayehitaji kulinganisha aelekezwe kwa TFHE, mfumo mwingine wa homomofia.

Mwisho, andika mkalimani mdogo (interpreter) anayepita kwenye grafu ile ile kwa nambari za kawaida. Tupia zote mbili, mkalimani na programu ya C++, maingizo yale yale ya bahati nasibu, pamoja na yale yaliyo kwenye upeo kabisa, na ulinganishe majibu. SEAL inaweza kukuambia biti ngapi za bajeti ya kelele zimebaki. Inahitaji ufunguo wa siri, kwa hiyo ni ya majaribio tu. Zikifika sifuri fumbo bado litafunguka, bila ujumbe wa kosa, na ndani mtakuwa na takataka. Mimi huongeza N zikibaki chini ya 10.