Mjusi mwenye ndevu wa Australia: taa kwanza, mjusi baadaye

Mjusi huyu, Pogona vitticeps, asili yake ni nyanda kavu za ndani ya Australia, ambako hushinda juu ya magogo na nguzo za ua akiota jua. Australia hairuhusu wanyama wake wa porini kuuzwa nje kibiashara. Wanaofugwa kwingineko wamezalishwa vizimbani. Aliyekomaa hufika sentimita 40 hadi 60 pamoja na mkia. Maradhi yake mengi huanzia kwenye taa na joto, kwa hiyo kizimba kikamilike na kupimwa kabla hujamleta nyumbani.

Hatua ya 1: Kizimba
Mkubwa mmoja anahitaji urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60, chenye milango ya kioo mbele na matundu ya hewa. Sakafu tandika vigae vyenye mikwaruzo, ambavyo ni rahisi kufuta na husaidia kupunguza kucha. Kwa watoto, karatasi za jikoni zinatosha. Usimwekee mtoto sakafu ya mchanga mkavu: anaumeza mchanga pamoja na wadudu, na utumbo unaweza kuziba. Weka gogo imara la kuotea joto upande mmoja na pango la kujifichia upande wa pili.

Hatua ya 2: Taa mbili, kazi mbili
Hapa ndipo wengi wanapokosea. Balbu ya halojeni hutoa joto. Taa ya UVB, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, humwezesha kutengeneza vitamini D3 ngozini. Bila D3, kalsiamu ya kwenye chakula hainyonywi vizuri, na mwili huanza kuichota mifupani.

Nunua taa ndefu ya mrija aina ya T5, ya UVB asilimia 10 hadi 12, inayofika nusu hadi theluthi mbili ya urefu wa kizimba. Ifunge upande wa balbu ya joto, sentimita 30 hadi 40 juu ya mgongo wa mjusi akiwa juu ya gogo. Ukiiweka juu ya wavu, sehemu kubwa ya miale inapotea. Kioo huzuia karibu yote, kwa hiyo jua la dirishani halihesabiki. Badilisha taa kila baada ya miezi 12 hata kama bado inawaka, kwa sababu UVB hufifia kabla mwanga haujafifia. Washa saa 12 kwa siku, usiku zima zote. Taa nyekundu ya usiku haina kazi, na mawe ya umeme ya kupashia joto huunguza tumbo.

Hatua ya 3: Pima
Juu ya gogo: nyuzi 38 hadi 42, kwa kipimajoto cha kuelekeza kama bunduki. Upande wa baridi: 24 hadi 27. Usiku joto lisishuke chini ya 18. Unyevu uwe asilimia 30 hadi 40. Balbu ya joto iongozwe na themostati, kifaa kinachodhibiti joto chenyewe. Acha vyote viwake siku mbili, ukipima asubuhi, mchana na jioni.

Hatua ya 4: Chakula
Mtoto ale wadudu mara mbili au tatu kwa siku, kiasi atakachomaliza kwa dakika 10. Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho yake. Mkubwa ale majani kila siku, wadudu mara mbili au tatu kwa wiki. Sukuma wiki, majani ya haradali na boga lililokwanguliwa vinafaa. Mchicha mpe kwa nadra, kwani asidi yake ya oksaliki hukamata kalsiamu. Parachichi usimpe kabisa. Nyunyizia wadudu unga wa kalsiamu usio na fosforasi, na uwaondoe waliobaki jioni. Nyenje wenye njaa humng'ata akilala.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, maana hubeba bakteria wa salmonela. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, wangu wawili hulaliana mgongoni. Si wanapendana?*
Hapana, ndugu. Wa juu anamnyang'anya wa chini joto na miale. Watenganishe leo, huyu ni mjusi wa kuishi peke yake.

*Ana miezi 14, wiki ya pili hali majani, analala tu. Huku Ulaya ni baridi.*
Huenda ni usingizi wa majira ya baridi, dada. Kwanza peleka kinyesi kipimwe minyoo. Mpime uzito kila wiki: akipoteza zaidi ya asilimia 10, daktari. Usimlazimishe kula, kwani bila joto chakula huoza tumboni. Angekuwa chini ya mwaka mmoja, ningesema daktari moja kwa moja.

*Taya limelegea na vidole vinatetemeka. Niongeze kalsiamu?*
Unga pekee hautoshi. Hizo ni dalili za maradhi ya mifupa. Anahitaji daktari wa wanyama watambaao na picha ya eksirei sasa. Wakati huohuo badilisha taa, ushushe na gogo, maana mifupa yake inavunjika akianguka kidogo tu.

*Niko Kampala. Senene na kumbikumbi vipi?*
Senene wabichi wanalika, wakiwa hawajapita penye dawa ya kuulia wadudu. Waliokaangwa wa sokoni wana chumvi na mafuta, waache. Kumbikumbi wana mafuta mengi, wawe kionjo tu. Ila kimulimuli asiingie kizimbani hata kwa bahati mbaya: mmoja tu anatosha kumuua.