Spika ya Bluetooth inagoma kushika? Usikimbilie kwa fundi

Ramadhani iliyopita, kama robo saa hivi kabla ya magharibi, bi mkubwa kakaa ukumbini na spika yake anasikiliza Qur'an, mie niko jikoni nakoroga uji, mara kisomo kikakatika. Kimya. Alafu spika ikalia tii-tii na ikaanza kupiga singeli kwa sauti ya juu kabisa. Alivyoniita siku ile siwezi kuandika hapa.

Kumbe simu yake ilikuwa imezima chaji. Na kijana wa nyumba ya pili, ambae dirisha lake linatazamana na letu, wiki ile alikuja kunisaidia kuifungua hiyo spika mpya akaijaribu kwa simu yake kwanza, sasa tangu siku hiyo spika inamjua, ilipompoteza bi mkubwa ikamshika yeye. Na yeye masikini kule kwake anashangaa simu imekuwa bubu ghafla, anaongeza sauti, anaongeza tena, na kila akiongeza kwetu ndo inazidi kutingisha vikombe. (Kwa nini mtu anasikiliza singeli robo saa kabla ya futari, hilo tumuachie Mungu.)

Naanza na kisa hichi kwa sababu watu wengi wanaoniletea spika wakisema imekufa, haijafa, imeshikwa na mwengine tu au inakumbuka mambo ya zamani. Kwahiyo kabla hujaipeleka kwa mafundi wa Darajani, hapa kwetu Zanzibar, ukaacha hela, pita na mie hapa.

Kwanza kabisa itazame taa. Spika nyingi taa ikiwa inapepesa haraka haraka maana yake inatafuta mtu, ikitulia bila kupepesa maana yake ishapata. Sasa kama taa imetulia na simu yako inakwambia haijaunganishwa, basi kuna mtu kaishika, na spika nyingi za bei ya kawaida zinashika simu moja tu kwa wakati, zile za bei ya juu kidogo ndo zinashika mbili. Zunguka nyumba nzima. Tableti ya watoto, laptopu iliyolala ndani ya begi bila kuzimwa, simu ya zamani iliyotupwa kwenye droo, na tivii, tivii watu wanaisahau sana kwa sababu hakuna anaeihesabu kama simu lakini kwa spika ni sawasawa tu. Zima Bluetooth ya vyote hivyo alafu zima spika, washa, jaribu na simu yako peke yake. Ikikubali, ushajua mwizi yumo ndani ya nyumba.

Isipokubali ndo tunakuja kwenye lile ambalo watu wanalifanya nusu. Simu na spika zikikutana mara ya kwanza zinapeana namba ya siri, kila mmoja anaandika kwake, na siku ya pili wakionana wanalinganisha. Sasa mtu anaenda kwenye simu anafuta jina la spika, alafu anajaribu tena inakataa, anasema nishafuta haikusaidia! Umefuta upande mmoja. Spika bado ina namba ya zamani, simu inakuja na mpya, kuna zinazojua kujirekebisha zenyewe na kuna zinazogoma kabisa. Futa pande zote mbili.

Kwa simu ya Android ingia seting, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, gonga kile kigurudumu pembeni ya jina la spika, alafu Sahau. iPhone gonga ile herufi i iliyo ndani ya duara, shuka chini mpaka ya mwisho ya kusahau kifaa. Upande wa spika unataka riseti, yaani kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, na hapa kila kampuni na yake, nyingi ni kubonyeza batani ya kuongeza sauti pamoja na ya kupiga muziki kwa mpigo, spika ikiwa inawaka, unazishika mpaka izime au ilie, nyengine unaishika batani ya Bluetooth peke yake kwa muda. Kile kikaratasi cha kwenye boksi ndo kinasema, na kama ulikitupa (sote tunakitupa) tafuta namba ya modeli chini ya spika uisake mtandaoni pamoja na neno riseti.

Ikisharisetiwa usikimbilie kuunganisha hapo hapo wakati nyumba nzima Bluetooth ziko wazi, utamkuta mtoto kakutangulia. Iwe simu yako tu. Na kwenye orodha angalia jina vizuri, maana hizi spika za bei nafuu zina majina yanayofanana, nshaona mtu kwenye fleti za Michenzani anagonga jina, inaandika imeunganishwa, sauti haitoki, anagombana na spika yake nusu saa, kumbe kaunganisha ya jirani wa juu iliyokuwa iko wazi inatafuta mtu. Ukishaipata yako, kwenye Android utaona alama ya kalamu, badilisha jina uiite unavyotaka. Ya kwetu inaitwa Bi Mkubwa. Ila jina hilo linakaa kwenye simu yako tu, jirani bado ataliona lile la kiwandani.

Kuna wale ambao imeunganishwa na sauti haitoki. Hilo ni dogo. Ingia tena kwenye kile kigurudumu, utaona vibatani vya kuruhusu simu na cha kuruhusu sauti ya media (yaani muziki na video), hicho cha media kikizimwa spika inabaki kama pambo. Angalia pia sauti ya simu na sauti ya spika, kwa baadhi ya spika hivi ni vitu viwili tofauti, moja ikiwa chini kabisa husikii kitu hata nyengine uipandishe vipi. Na wa laptopu ya Windows, ukisikia muziki unatoka umebana kama mtu anapiga simu kutoka kisimani, laptopu inaitumia spika yako kama kifaa cha kuongelea kwa sababu spika ina maiki ndani. Funga programu inayotumia maiki, mikutano ya video ndo wakosaji wakubwa, au nenda seting za sauti uchague maiki ya laptopu yenyewe.

Sasa tuje kwenye kukatakata, ambako ndo kuna maneno.

Kabla ya yote fanya jaribio hili. Weka muziki ambao ushaudaunlodi uko ndani ya simu, zima data na waifai, piga. Kama haukatiki tena basi simu na spika zinaelewana vizuri, tatizo ni mtandao wako, ama bando linasuasua ama waifai inagongana na Bluetooth. Watu wangapi wanailaumu spika na kumbe ni intaneti!

Kama unakatika hata hivyo, tazama nyumba. Sie tunakaa Mkunazini, Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa ya wazee, kuta zake unene wake karibu nusu mita. Kwenye boksi la spika wameandika mita 10, na wengi wenu mtakuta hivyo hivyo, lakini hizo mita 10 ni za uwanjani hakuna kitu katikati. Mie nikiiacha simu chumbani kwenye chaja na spika iko ukumbini, baina yetu ukuta mmoja tu, inakata kama redio ya zamani. Na yule kijana wa singeli yuko nyumba nyengine kabisa, ila uchochoro wetu upana wake kama mita mbili tu, dirisha lake wazi, dirisha letu wazi, mawimbi yanapita kama yamealikwa. Yaani kwa spika yule ni jirani zaidi kuliko mie wa ndani. Kwahiyo kwenye nyumba za mawe usihesabu mita, hesabu kuta, iweke spika mahali inapouona mlango na wewe uuone mlango huo huo. Darini napo usitegemee, sakafu zile za boriti na mawe na chokaa ni ukuta uliolala.

Anaekaa kwenye fleti za zege nae ana yake, zege lina nondo ndani na chuma hakipendani na mawimbi. Ndo maana vilevile usiiweke spika juu ya friji au nyuma ya tivii. Na mwili wa mtu ni maji, maji yanameza mawimbi haya, simu ikiwa mfuko wa nyuma na umeipa mgongo spika tayari ushaweka kizuizi. Jaribu kugeuka utasikia mwenyewe.

Alafu kuna msongamano. Bluetooth inatumia masafa ya 2.4 GHz, na ndo hayo hayo yanayotumiwa na waifai nyingi, na maikrowevu nayo iko huko huko. Bluetooth kwa kujihami inarukaruka, imegawa njia yake vichochoro 79 na inahama mara 1,600 kwa sekunde, tena inajifunza vichochoro vyenye fujo inavikwepa. Lakini ruta moja ya waifai inakalia kama vichochoro 20 kwa mpigo, sasa weka ruta tatu nne za majirani, wapi pa kukimbilia? Dawa yake, usiweke spika ubavuni mwa ruta, iachie mita mbili tatu, na kama ruta yako inatoa mtandao wa 5 GHz ihamishie simu yako huko, ibakishie Bluetooth barabara yake. Ikiwa inakata pale tu mtu anapopasha chakula, hapo huhitaji fundi, unahitaji kuvumilia dakika mbili biriani ipate moto.

Nyengine ya simu yenyewe ni ile seting ya kubana matumizi ya betri. Ikiwashwa, simu nyengine zinaizima programu ya muziki ikiwa skrini imelala, muziki unapiga dakika chache alafu kimya. Izime, au iruhusu programu yako ya muziki iendelee nyuma ya pazia.

Tivii nimalize haraka. Ukiunganisha spika na tivii kwa Bluetooth utaona mdomo unatangulia na maneno yanafuata, si ubovu, sauti inachukua muda kufungwa na kufunguliwa njiani. Baadhi ya tivii zina seting ya kurekebisha hilo. Mie nimenunua waya wa AUX, ule wa sauti wa kuchomeka, nikasahau habari yake.

Chaji nayo. Spika ikishuka sana chini inaanza vituko, inakata, inajizima, inakataa kushika, kwahiyo usiihukumu ikiwa na njaa, ichaji mpaka ijae alafu ndo uijaribu. Na hapa kwetu visiwani kuna adui ambae kwenye kikaratasi hakuandikwa, hewa ya chumvi. Tundu la chaji linaota kutu ya kijani, unachomeka waya unadhani inachaji kumbe wapi. Chukua mswaki mkavu msafi, spika ikiwa imezimwa, sugua taratibu. Na nyie wa kwenda nayo pwani mkijitetea kwamba imeandikwa IPX7, ile alama ya kuhimili maji, kipimo kile ni maji ya kawaida, mita 1 kwa dakika 30, bahari haimo. Ikilowa maji ya chumvi isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, iache ikauke kabisa, kabisa, ndo uichomeke.

Ukifika hapa na bado, kuna riseti ya mtandao kwenye simu, Android iko kwenye seting za mfumo sehemu ya kuriseti, ya waifai na Bluetooth. Haifuti picha zako wala namba za watu, lakini inafuta nywila zote za waifai ulizowahi kuingia, kwahiyo ya kwa shangazi uliyopewa kwa mbinde iandike kwanza pahala.

Na mwisho ijaribu spika kwa simu ya mtu mwengine ambayo haijawahi kuishika, na simu yako ijaribu kwa spika nyengine. Simu yako ikishika spika nyengine vizuri na spika yako inakataa simu zote baada ya riseti na chaji kamili, haya, sasa nenda kwa fundi, na mwambie hayo yote uliyoyafanya ili asikuanzie mwanzo akakutoza hela ya kubonyeza batani mbili.

Yule kijana nilimwita akafuta jina la spika kwenye simu yake mbele ya bi mkubwa, na spika nikairiseti mwenyewe. Haikutosha. Mpaka leo ikikaribia magharibi anainuka anafunga dirisha la upande ule, nimemwambia ubao ule hauzuii kitu na wala hakuna tena cha kuzuia, ananambia wewe kakoroge uji.